Muwa kwa Munganga wa Meno

Alizaliwa wapi, mimi sijui, na kwa uso aliokuwa nao sikuthubutu kumuuliza. Huku Goma daktari tunamwita munganga, na yeye alikuwa munganga wa meno, lakini mtaa mzima wa Mabanga ulimwita Munganga tu, utadhani madaktari wengine wote walikuwa wanauza mkaa. Nilipomjua alikuwa tayari mama mtu mzima, mnene kiasi, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu vita vya kwanza. Asubuhi alifungua mlango wa kabine yake kwa uso wa mtu anayefunga.

Kabine yenyewe ilikuwa chumba cha mbao nyuma ya duka la dawa, kimejengwa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba zetu nyingi. Ndani mlikuwa na kiti cha kulaza mgonjwa, taa iliyowaka siku umeme ulipopenda, bidoni za maji, na benchi la kungojea. Niliingia humo nikiwa nimeanza sekondari, nimeshikwa mkono na baba yangu. Baba alikuwa mtu wa Butembo, mfanyabiashara wa njia ndefu. Jino langu la chonge la juu lilikuwa limempanda jirani yake, na nikicheka nilifunika mdomo kwa mkono. Jambo hilo lilimkera baba kuliko lilivyonikera mimi.

"Munganga," alisema, "nataka huyu mutoto acheke mudomo wazi."

"Atacheka," Munganga akamjibu bila kumtazama, kwa kuwa alikuwa ananitazama mimi kinywani. "Lakini mbele ya kucheka atalia. Na wewe utamuvumilia."

Nikafungwa vyuma vya kunyoosha meno. Nikalia. Baba akavumilia kwa kusafiri.

Hakuwa mtu wa kubembeleza, huyu mama. Neno "pole", ambalo kwetu mtu akijikwaa tu barabarani anapewa na watu wasiomjua, yeye hakumpa mtu. Nilikaa kwenye kile kiti miezi na miezi sikulisikia. Siku moja mama mmoja aliyemleta mwanawe alimwambia, "Lakini Munganga, umuambie hata pole," naye akajibu, "Pole haikazi waya." Akaendelea na kazi yake. Mwisho wa kila matibabu alikuwa na maneno yaleyale: "Basi. Funga, uende." Yaani funga kinywa, uende zako. Wengine walimwona katili. Mimi pia nilimwona katili, hasa siku za kukazwa waya, maana meno yote yalikuwa yanauma hadi ulimi ukiyagusa unajuta.

Ukienda kumlalamikia, alikuwa na swali moja. "Inauma ao inachoma?" Hakutaka hadithi nyingine. Maumivu mazito, yanayojaa taya zima baada ya kukazwa, hayo kwake yalikuwa habari njema: meno yanatembea. Siku mbili tatu, uji, maji ya chumvi ya uvuguvugu, na usingizi. Lakini kama kitu kinachoma, sehemu moja, shavuni au kwenye ulimi, basi ni ncha ya waya imetoka, na hiyo ni kazi yake. "Kama inauma, enda kulala," alisema. "Kama inachoma, ukuje. Usingojee." Mimi nilichelewa kulielewa. Mara ya kwanza waya uliponichoma, nilijaribu kuukata kwa mkasi wa kucha, nikajikata fizi. Nilipofika kabine na shavu limevimba alinikalisha kitini.

"Waya ikitoka, unaisukuma polepole na mugongo ya kijiko," alisema. "Unaweka nta. Unakuja. Mukasi iko ya kucha. Weye uko na kucha mu kinywa?"

Nta hiyo ilikuwa jambo lake. Zamani, walisema, alikuwa anapata nta maalumu ya vyuma kwenye vifurushi vilivyotoka ng'ambo ya mpaka. Kisha mpaka ukawa unafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo, vifurushi vikakoma. Munganga hakulalamika. Aliwaendea mama wanaouza asali kutoka Masisi, akawa ananunua masega yaliyokamuliwa, anayachemsha, anayachuja kwa kitambaa cheupe cha kichwani mara kadhaa mpaka nta inatoka safi. Akaikata vipande vidogo vya kubandika juu ya chuma kinachokwaruza, akavigawa kwenye viboksi vya kiberiti. Kila mtoto mwenye vyuma alikuwa na kiberiti chake mfukoni. Shuleni mwalimu alinikamata akidhani navuta sigara. Nta ile ilibaki na harufu ya asali, na usiku ulikuwa unajikuta umeimeza.

Sasa, si kwamba hakuwahi kucheka. Nilimwona anacheka mara moja. Kulikuwa na papa mmoja, ndivyo tunavyomwita baba wa mtu, mfugaji wa Masisi, aliyemletea mtoto wake kinywa kimekuwa chekundu chote, kimechubuka. Munganga aliuliza wanasukutua na nini. Chumvi, papa akasema, kama ulivyotuagiza. Chumvi gani? Papa akatoa kwenye koti lake bonge la jiwe la kahawia, chumvi wanayolamba ng'ombe.

"Papa," Munganga akasema, "huyu ni mutoto, haiko ngombe."

Yule papa hakuona aibu hata kidogo. "Lakini ngombe yangu hata moja haina shida ya meno, Munganga."

Hapo ndipo alipocheka, akakaa kwenye benchi letu, akafuta macho kwa kiganja. Tukaona kwamba upande wa kushoto hana meno mawili. Yeye, munganga wa meno. Alikuwa anatukataza mahindi ya kuchoma, karanga, mifupa, na zaidi ya vyote miwa, huku mwenyewe akiwa na mapengo. Kuhusu mapengo hayo sikusikia maelezo. Kuhusu miwa, nitasema.

Jumamosi zangu kwenye benchi nilikuwa na msichana mwenzangu, mtu wa Rutshuru. Alikuwa anakuja kwa basi dogo asubuhi na mapema, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Munganga alituweka siku moja kwa sababu ya vinywa vyetu. Yeye pia alikuwa na chonge la juu lililompanda jirani, upande uleule. "Nyinyi wawili muko mapacha ya kinywa," alitwambia. Majina yetu hakuyakumbuka. Hakukumbuka jina la mtu yeyote. Ulikuwa ukikutana naye sokoni anakutazama tu, lakini ukifungua mdomo kumsalimu, anakujua papo hapo na anakukaripia kwa nini hukuja wiki iliyopita.

Huyo msichana, kwao walilima miwa, na kila Jumamosi alimletea Munganga fungu moja. Munganga aliipokea miwa bila asante, akamenya mmoja kwa meno yake yaliyobaki mbele ya macho yetu, akautafuna polepole akitema makapi kwenye ndoo, huku sisi tumekaa na vyuma vyetu tunameza mate.

"Munganga, si ulisema muwa ni mubaya?" yule msichana alimwuliza siku moja.

"Kwenu ninyi. Mimi sina chuma, niko na uchovu."

Msichana akacheka, akafunika mdomo. Na Munganga akamshika ule mkono, akaushusha, akauweka juu ya paja lake. "Acha kufunika," alisema. "Tunafanya kazi yote hii juu ya nini?"

Nilikuwa nikirudi nyumbani Ndosho, naye akinisindikiza mpaka njia panda, kisha anakwenda kutafuta basi lake. Tulikwenda kwa miguu. Siku ya kukazwa Munganga alikataza pikipiki kabisa, ile sisi tunayoiita moto, kwa sababu kwenye mawe yale ya Goma inakurusha na kila mruko unaupata kwenye meno. Basi tulitembea, vinywa vimejaa maumivu, hatusemi sana. Nilimpenda. Sikujua kwamba nitamkosa, maana nani anajua?

Vita vikakaribia tena. Sitaki kueleza ni vipi, maana mtu wa Goma akianza kueleza vita itambidi aeleze na vile vya kabla, na nimechoka. Ilianza kama kawaida: njia ya Rutshuru ikakatika, kisha watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani, kisha tukawa tunasikia mabomu wenyewe. Baba akaamua turudi Butembo kwa kuzunguka. Kila mtu mjini alikuwa anafikiria unga, watoto, na mahali pa kupita. Munganga alikuwa anafikiria vyuma.

Alituma habari kwa vijana wa moto. Alituma habari makanisani. Jumapili ile, baada ya matangazo ya ndoa, katekista alisoma kwa sauti ileile ya ndoa kwamba munganga wa meno anaomba watoto wote wenye vyuma wafike kabine, bila kukosa. Watu wengine walicheka kwenye mabenchi. Kesho yake foleni ilitoka hadi nje ya duka la dawa.

Baba alikwenda kumgombeza. "Munganga, kazi haijaisha. Jino bado iko inapinda. Unaniaribia mutoto."

"Papa, unaenda Butembo. Kule nani ataangalia hii chuma?" Munganga alikuwa ameshaniweka kitini, koleo dogo mkononi. "Chuma bila mutu wa kuangalia, meno inatembea kwenye inapenda. Chakula inaingia chini, jino inaoza kimya kimya. Waya inatoboa nyama. Meno ya kupinda ataishi nayo. Lakini chuma yangu haibaki mu kinywa ya mutoto ya mutu."

Akanifungua. Alibandua kimoja kimoja, akakwangua gundi yote, akasugua kila jino mpaka likawa laini, kwa uangalifu uleule wa siku zote, huku vioo vya dirisha vinatetemeka. Chonge langu lilikuwa limefika nusu ya safari yake. Lipo hapo hadi leo, limegeuka kidogo. Aliwafungua wote waliofika. Katikati ya kazi alikuwa akitazama mlangoni, na mimi nilijua anamtazamia nani. Alikuwa amepiga simu ya mama yake yule msichana mara nyingi. Mwanzoni iliita. Baadaye haikuita tena.

"Basi. Funga, uende," akaniambia. Nikaondoka bila hata kumwambia kwaheri vizuri.

Tuliporudi Goma mji ulikuwa umetulia kwa namna yake, na kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa kuanzia mwisho wa Ndosho kwenda mbele. Munganga alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, kwa miguu. Hakukaa.

"Mimi najua kinywa yake," alimwambia mama yangu. "Mutoto wako anajua sura. Nipatie yeye Jumamosi."

Hivyo Jumamosi zetu zikageuka. Tulitembea kambini, mimi na yeye, kati ya vibanda vya majani na mahema meupe, tunamtafuta msichana wa Rutshuru mwenye chuma mdomoni. Munganga aliwasimamisha wasichana wa rika la mwenzangu akawaomba wacheke kidogo. Hebu fikiria. Watu wamelala kwenye mawe, mvua imewapiga, anakuja mama mnene anawaambia cheka. Wengine walicheka kweli, kwa mshangao. Wengine walituuliza tunatafuta nini kwenye vinywa vya watoto wao, na mara moja tulifukuzwa na wamama waliodhani tunasajili wasichana kuwapeleka mahali pabaya. Munganga hakujitetea. Alisogea hatua chache, akakaa kwenye jiwe, na kwa kuwa ilishajulikana kuwa ni munganga wa meno, wenye meno mabovu wakaja mmoja mmoja hapo hapo kwenye jiwe, hata walewale waliotufukuza.

Mfukoni alikuwa na kiberiti cha nta, kwa ajili ya yule msichana. Nilimwuliza kwa nini anaendelea kukibeba.

"Ikiwa bado iko na chuma, sasa hivi inamuchoma," alisema. "Haiumi tena. Inachoma. Na mimi nilimuambia, ikichoma ukuje. Atakuja wapi? Njia imefungwa."

Ndivyo alivyoliona jambo hilo. Hakulia, hakusali mbele yangu. Lakini kila aliyetoka Rutshuru alimwuliza habari za msichana mwenye chuma, dereva, mchuuzi wa maharagwe, askari. Wapo waliosema wamemwona Uganda. Wapo waliosema kijiji kile hakina mtu. Mimi, niseme ukweli, nilichoka kabla yake. Nilikuwa na mitihani, kisha nikawa na mchumba, kisha nikaolewa Butembo. Yeye aliendelea peke yake mpaka miguu ikakataa.

Miaka ikapita, vita vikarudi. Safari hii vilituhamisha kutoka upande wa Butembo, nikajikuta tena Ndosho, mama wa watoto watatu, kwenye nyumba ya baba ambaye hayupo tena. Nikasikia Munganga bado yuko hai, anakaa Mabanga kwa mpwa wake, haoni vizuri. Nikaona siwezi kwenda mikono mitupu. Barabarani kulikuwa na wamama wa Rutshuru wamepanga miwa, njia ilikuwa imefunguka wiki hiyo. Nikakumbuka alivyokuwa anaitafuna mbele yetu. Nikanunua fungu moja, basi, sikuwaza zaidi ya hapo.

Alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili. Mpwa wake, mama wa rika langu, alinipa kigoda. Nikamsalimu, nikamwekea miwa mapajani. Akaigusa. Akapitisha vidole kwenye fundo moja, kisha lingine.

"Hii ni ya Rutshuru," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Njia ilifunguka?"

"Ilifunguka, Mama."

"Basi, ukapita." Akavuta pumzi. "Sogea. Fungua kinywa."

Nikafungua. Mtu mzima mimi, uani kwa watu, mchana kweupe. Kidole chake kikaingia, kikavu, kikapita juu ya meno ya mbele, kikafika kwenye chonge lililogeuka, kikasimama hapo.

"Iko inapinda. Nilijua." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nani alikutoa chuma?"

Hapo ndipo nilipoelewa mimi ni nani mbele yake. Nilimtazama mpwa wake. Yule mama aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Anaulizaka tu ule mutoto wa Rutshuru. Kila siku." Ningeweza kusema, ni wewe uliyenitoa chuma, Munganga, mimi ni yule mwingine. Neno lilinifika mdomoni, na kidole chake kilikuwa bado kimo humo.

"Munganga wa kule tulikokimbilia, Mama," nikasema alipokitoa.

Akakirudisha, akachunguza jino moja moja, nyuma na mbele. "Alitoa muzuri. Gundi haiko. Hakuna jino lenye kuoza." Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Huyo mutu iko na mikono."

"Ndiyo, Mama. Alikuwa na mikono mizuri."

"Iliuma ao ilichoma?"

Nilitaka kusema iliuma tu. Lakini alikuwa amenifundisha mwenyewe tofauti yake, na nilifikiri juu ya yule msichana kwenye njia iliyofungwa, wapi alipo, kama yupo.

"Ilichoma, Mama."

Akaingiza mkono mfukoni mwa kitenge chake, akatoa kiberiti kilichochakaa pembe zote, akakiweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Ikachoma, na mimi sikukuwako," alisema. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Neno lile. Lilikuwa la mtu mwingine, lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kulipokea.

"Ilishapona, Mama," nikamwambia.

"Basi," akasema, akaegemea kiti chake, akaanza kutafuta kwa vidole mahali pa kuanzia kumenya muwa. "Funga, uende."

Nje kijana wa moto alinifuata kwa muda akiniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia aende tu. Nilitembea kwa miguu mpaka Ndosho, kiberiti mkononi, kama siku ya kukazwa.